Mama Aliyelala Kwenye Picha

Plamedie alifika wa kwanza, na hilo peke yake lilimtia hofu.

Kwa miezi minane ya mapenzi yao, Jotham ndiye aliyezoea kungoja. Hata siku ile mvua ilipovuruga treni zote za mtaa wa Edmonton, alimkuta amesimama kwenye lango la bustani, viatu vimelowa chepechepe, mwavuli bado umefungwa mkononi. Alisema hakuufungua kwa sababu alitaka Plamedie amtambue kwa mbali. Leo benchi lao lilikuwa tupu. Jua la mwezi wa tano lilikuwa limeegemea ukuta wa matofali unaoizunguka bustani ya maua ya Pymmes Park, mawaridi yameanza kufunguka, na mzee mmoja alikuwa akiwarushia njiwa makombo ya mkate. Ilikuwa saa tano asubuhi. Nyumbani, mwendo wa dakika saba tu kutoka pale, mama yake alikuwa amelala.

Saa kama hizo mama yake alikuwa amelala siku zote. Thérèse alifanya kazi ya usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Alirudi saa mbili asubuhi, akanywa chai, akavuta pazia, akalala mpaka saa tisa. Ndani ya saa hizo Plamedie alikuwa amependa. Kila Jumanne, siku ya mapumziko ya Jotham, alimaliza mzunguko wake wa kuwaogesha na kuwavisha wagonjwa majumbani mwao, akapita bustanini, akakaa na mtu wake, kisha akarudi nyumbani kwa kunyata na kuanza kumenya viazi kana kwamba hakwenda popote.

Sasa wiki mbili na siku mbili zilikuwa zimepita tangu siku Jotham alipokuja kujitambulisha kwao, na mama yake hakuwa amemsemesha ila maneno ya lazima. Chumvi iko wapi. Funga mlango. Simu yako inalia.

Jotham akatokea langoni. Alikuwa amekumbatia bahasha kubwa bapa, kama mtu aliyembeba mtoto mgonjwa.

"Umekonda," alisema, akiwa bado amesimama.

"Na wewe umechelewa."

"Nimetoka nyumbani mara tatu, nikarudi mara mbili. Dereva wa basi ameanza kunisalimia kwa jina." Akaketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Akatoa mfuko wa karatasi kwenye koti. "Jane amekupikia mandazi. Ati ule ndiyo upate nguvu ya kulia."

Jane alikuwa dada yake, muuguzi wa Ilford, mwanamke asiyeweza kumfariji mtu bila kumcheka kidogo. Plamedie alitabasamu, na tabasamu likamwishia njiani.

"Mama amesema nini?" Jotham aliuliza.

"Hajasema."

"Hata kukutukana?"

"Angenitukana ningeshukuru."

Jotham alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa ya mtu wa Vihiga aliyelima utotoni, lakini kazi yake ilikuwa kushika karatasi zenye umri wa miaka mia mbili na zaidi bila kuzichana. Hakwenda chuo. Alianza kwa kufagia katika karakana ya kukarabati picha ya Mzee Ranjan, Kilburn, akatazama, akauliza, akasoma vitabu vya kuazima, na baada ya miaka tisa Ranjan hakugusa tena picha ya kale ya mteja bila kusema, "Ngoja kwanza Jotham aione."

Na ni picha iliyowakutanisha. Plamedie alikuwa amemhudumia ajuza mmoja, Bibi Emma, mpaka siku alipofariki. Binti wa marehemu, kwa ruhusa ya ajensi iliyomwajiri Plamedie, akampa kumbukumbu: picha ya Kifaransa ya karne ya kumi na nane, iliyochapwa kwa bamba la shaba, ya watu wanaokutana bustanini. Kioo chake kikapasuka kwenye basi. Akauliza huku na huku, akaelekezwa Kilburn.

"Huyu kijana amejipaka unga wa ngano kichwani?" lilikuwa swali lake la kwanza kwa Jotham.

"Ndiyo ilikuwa mitindo yao."

"Na hizo soksi?"

"Soksi sitazitetea."

Siku ile alicheka mpaka Ranjan akachungulia. Katika picha, kijana alikuwa akijitokeza nyuma ya ua wa majani, ameshika kofia kifuani. Msichana alikuwa ameketi kwenye benchi la mawe, amemgeuzia shingo, na macho yake yalikuwa yamesema kila kitu kabla ya mdomo. Upande wa kushoto wote ulikuwa na doa kubwa la kahawia, la maji ya zamani. Walidhani ni kichaka.

Jotham aliiogesha picha ile. Ndivyo alivyosema, kuiogesha, kama Plamedie alivyosema juu ya wagonjwa wake. Aliilaza kwenye beseni pana la maji safi, akaiacha, akabadilisha maji, akaiacha tena. Plamedie aliruhusiwa kuja kutazama. Doa lilitoka pole pole, likageuza maji rangi ya chai, na nyuma ya doa akajitokeza mtu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa msichana bila shaka, ameketi kwenye benchi lile lile, kichwa kimeanguka upande, amelala fofofo. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika mkono wa binti yake.

"Kumbe hawakuwa peke yao," Plamedie alinong'ona.

"Hakuna anayekuwa peke yake," Jotham alijibu, na kabla beseni halijamwagwa walikuwa wameshabusiana.

Ndiyo maana siku ya kujitambulisha Jotham hakufikiria zawadi nyingine, na Plamedie akaitoa picha yake kwa moyo mmoja. Alikuja Edmonton na Jane na mjomba wake Eddie, amevaa suti, amebeba picha ndani ya fremu aliyoichonga mwenyewe. Sebule ilikuwa imejaa watu wa kanisani. Baba yake Plamedie alifia Bukavu, kwa hiyo Papa Norbert, mzee wa kanisa, ndiye aliyeketi mahali pake. Maneno yalikwenda vizuri, soda zikafunguliwa, Jane akawachekesha akina mama. Kisha picha ikafunuliwa, na Thérèse akavaa miwani.

"Heh!" mmoja wa akina mama alisema. "Angalieni! Mama anakoroma, vijana wanafanya yao!"

Sebule nzima ikacheka. Thérèse hakucheka. Aliitazama picha muda mrefu, kisha akamtazama Jotham.

"Umemjua mtoto wangu tangu lini?"

Walikuwa wamekubaliana aseme miezi mitatu. Plamedie alimkazia macho akimsihi. Lakini Jotham alikuwa mtu ambaye, ukimuuliza umri wa karatasi, atakwambia hata pale asipokuwa na hakika.

"Miezi minane, Mama."

"Mnaonana wapi?"

"Bustanini. Kila Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

Kila mtu mle ndani alijua Thérèse huwa anafanya nini saa tano asubuhi. Kicheko kilikufa. Thérèse alivua miwani, akaikunja, akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango. Papa Norbert akakohoa. Akawaeleza wageni, kwa upole, kwamba kwao mama akiinuka kwenye kikao, kikao kimeshajibiwa. Akaomba picha ifungwe tena, ili hasira isikute kitu cha kutazama. Jotham akarudi nayo Kilburn.

"Nimekuwa nikiwaza," Jotham alisema sasa, pale bustanini. "Siku kumi na sita nawaza kitu kimoja. Nilimwaibisha mama yako mbele ya wageni. Si ndiyo?"

"Hukukusudia."

"Nilitazama mistari. Mimi kazi yangu ni kutazama mistari, imechongwa vipi, wino umekaa vipi. Yeye alimtazama mtu." Akaiweka bahasha magotini, akafungua kamba. "Kwa hivyo nimerekebisha."

Akaitoa picha. Haikuwa na fremu. Alikuwa ameibandika kwenye kadi nyeupe. Mwanzoni Plamedie hakuelewa alichokuwa akikiona. Kijana alikuwepo na kofia yake. Msichana alikuwepo. Lakini picha ilikuwa imekuwa nyembamba, na msichana, aliyekuwa katikati, sasa alikuwa amekaa ukingoni kabisa, kama mtu anayekaribia kuanguka kutoka kwenye benchi.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nimemtoa."

"Umemtoa vipi?"

"Kwa kisu. Rula na kisu kipya." Sauti ya Jotham ilikuwa ndogo. "Ranjan alikuwa nje. Angeniona, angenifukuza kazi. Karatasi ya namna hii mtu hakati hata ukingo mtupu, Plamé. Hata unywele. Nimewafundisha watu hivyo. Lakini nikasema, picha ni nini mbele yako? Mpelekee mama. Mwambie Jotham ameelewa. Aitundike asiitundike, ajue sitamwonyesha tena jambo kama lile."

Plamedie aliishika. Alijua alichokuwa ameshika. Alijua usiku ambao mtu huyu alikosa usingizi kabla ya kisu kile kugusa karatasi. Hakuna mwanamume aliyewahi kumpa kitu kilichomgharimu hivyo. Kisha macho yake yakateremka kwenye mkono wa msichana. Ule uliokuwa umeshikwa. Uliishia kwenye kifundo. Kisu kilipita pale pale, na kiganja kilibaki upande wa pili, mkononi mwa mama.

"Hiki nini?"

Jotham hakuhitaji kutazama. "Niliona. Hapakuwa na njia nyingine ya kupita."

"Umemkata mkono."

"Ni karatasi, mpenzi."

"Wiki mbili zilizopita ilikuwa karatasi pia, na tazama ilivyotufanya." Sauti yake ilipanda, na njiwa wakaruka. Akajizuia. "Jotham, wajua mimi nilifikaje nchi hii? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Katika safari nzima mama hakuniachia mkono. Hata akilala. Watu walikuwa wanamwambia, muachie mtoto, mkono wake utakufa ganzi. Hakuniachia. Amefanya kazi za usiku miaka kumi na sita ili nimkute nyumbani nikitoka shule. Analala mchana kwa sababu yangu. Na mimi nikautumia usingizi wake kama mwizi."

"Tuliutumia wote."

"Wewe hukujua usingizi ule umemgharimu nini. Mimi nilijua."

Jotham akageuka, akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja aliyoiacha katikati yao, akamshika mabega.

"Basi nisikilize. Jane ana chumba Ilford. Njoo ukae kwake. Tuandikishe ndoa, sisi na mashahidi wawili. Halafu mimi nitakuja kupiga magoti mlangoni kwa mama yako kila Jumapili, mpaka achoke kuniona. Ameshanikataa, sawa. Lakini mama hakatai mtoto wake milele."

Alikuwa na macho ya mtu anayemaanisha kila neno. Plamedie aliona maisha yale kama mtu anavyoona nyumba yenye taa ikipita dirishani mwa treni: chumba cha Ilford, Jane akicheka jikoni, Jotham akirudi na harufu ya gundi mikononi. Kisha aliona upande wa pili wa kisu. Mama yake saa tisa, akiamka kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na alimjua Jotham. Akimwambia, ngoja, atangoja. Atangoja miaka, na mwavuli umefungwa. Palikuwa na neno moja tu ambalo lingemwachilia huru.

"Sikupendi tena," alisema.

Jotham aliondoa mikono yake mabegani mwake. Si kwa hasira. Aliiondoa kama anavyoiondoa juu ya karatasi iliyolowa.

"Nitazame useme."

Akamtazama. Yale macho ya kahawia, na kile kikovu kidogo chini ya nyusi alichokuwa akikibusu. Akajilazimisha asipepese.

"Sikupendi, Jotham. Baada ya siku ile kitu kilikatika. Nimekuja kukwambia hivyo, na nisingeweza kukwambia kwa simu."

Mzee wa njiwa alikunja mfuko wake akaondoka. Jotham aliyapima maneno yale kama alivyopima kila kitu, bila haraka, bila kumhukumu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Umenitazama ukasema. Sina haki ya kukukatalia." Akairudisha picha ndani ya bahasha, akafunga kamba, vidole vikikosea fundo mara mbili. "Kaa salama, Plamé."

Alitoka langoni bila kugeuka nyuma. Plamedie alimhesabia hatua mpaka zikamshinda.

Alipofungua mlango wa nyumbani, hakunyata. Hakuwa na nguvu ya kunyata. Thérèse alikuwa mezani, kanga mabegani, chai mbele yake imepoa. Hakuwa amelala.

"Unatoka wapi?"

Lilikuwa swali la kwanza la kweli katika wiki mbili. Plamedie alikuwa na majibu ya zamani tayari: dukani, kwa mgonjwa, posta. Akayaacha yote.

"Bustanini. Nilikuwa na Jotham."

Thérèse alifumba macho, akafumbua. "Aksanti," alisema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Aksanti ya nini, Mama?"

"Ya kuniambia."

"Hakuna cha kuambiwa tena. Imekwisha. Nimemwambia simpendi."

"Humpendi?"

Plamedie alijaribu kujibu, na badala ya jibu ukatoka mlio ambao hata yeye hakuujua. Aliketi sakafuni, pale pale mlangoni, koti bado mwilini. Thérèse aliinuka, magoti yakilalamika, akaketi sakafuni pia.

"Niko nakuuliza, mwanangu. Kama unampenda, kwa nini ukamwambia hivyo?"

"Kwa sababu umemkataa!"

"Mimi? Nani alisema?"

"Papa Norbert. Uliinuka kwenye kikao. Alisema kwetu mama akiinuka..."

"Norbert!" Thérèse alipiga goti lake kwa kiganja. "Norbert ndiye kinywa changu? Niliinuka nikalie! Ulitaka nilie mbele ya batu wote bale, na soda mkononi? Niliona ile picha nikajiona mimi, mjinga, mdomo wazi. Iliniuma. Lakini kijana wa watu alikosa nini? Nilimuuliza, akanijibu. Mbele ya watu, kweli tupu, akijua itamchoma. Nikasema ndani ya moyo wangu, huyu hatamdanganya mtoto wangu." Akamfuta Plamedie machozi kwa pindo la kanga. "Ni wewe niliyekuwa nakungojea. Siku kumi na sita. Nikasema, atakuja mwenyewe, atakaa hapa, ataniambia: Mama, nilikuficha. Hauko mtoto. Nilitaka uje bila kuvutwa."

"Na mimi nilidhani kunyamaza kwako ndiyo jibu."

"Kunyamaza kwangu lilikuwa swali."

Wakatazamana, wanawake wawili sakafuni, na kila mmoja akaona jinsi mwenzake alivyochoka.

"Mpigie," Thérèse alisema. "Sasa hivi. Mwambie mimi nimesema arudi."

Simu iliita mara nne. Alipopokea, Plamedie alisikia basi likinguruma na sauti ya kutangaza vituo.

"Jotham, nilikudanganya. Pale bustanini. Haikuwa kweli hata neno moja. Nilidhani Mama amekataa, nikataka uwe huru. Na Mama hajakataa. Hakuwahi kukataa. Yuko hapa, anasema urudi. Jotham? Unanisikia?"

"Nakusikia."

Basi lilisimama, milango ikafunguka, ikafungwa.

"Nimefurahi kwa ajili yenu," alisema. "Kweli. Mwambie Mama nimeshukuru."

"Basi shuka. Shuka hapo ulipo, nakuja."

"Plamé." Sauti yake ilikuwa ya upole ule ule, na upole ule ndio uliomtisha. "Nilikuomba unitazame. Ukanitazama, na hukupepesa. Nikaamini, kwa sababu sijui namna nyingine ya kukusikiliza ila kukuamini. Sasa unaniambia unanipenda. Nitazame wapi nijue?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Najua. Sikulaumu. Mama yako ulimdanganya miezi minane kwa ajili yangu. Leo umenidanganya mimi kwa ajili ya mama yako. Vyote umefanya kwa kupenda. Lakini sijui kesho zamu itakuwa ya nani, na ninaogopa."

"Nije Kilburn?"

Alimsikia akivuta pumzi, kama mtu anayeinua kitu kizito.

"Usije," alisema. "Pole, mpenzi," akaongeza, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kisha hakukuwa na basi, wala vituo, wala yeye.

Plamedie aliendelea kushika simu sikioni. Thérèse alikuwa amemkumbatia kutoka nyuma, kidevu begani kwake, pumzi yake ya chai shavuni.

"Nampenda, Mama," alisema. Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo ndani ya nyumba ile. Alilisema tena, kwa sauti, kwenye simu iliyokwisha kukatika, na aliyelisikia ni mama yake.